Viraka Kumi Mahali Pamoja

Katika wiki tatu nilipata pancha tisa. Nilipohesabu mara ya pili zikawa kumi, kwa sababu ile ya Jumapili nilikuwa nimeiacha nje. Ilinipata nikienda kanisani, na mtu akienda kanisani hujaribu kusamehe. Zote kumi zilikuwa za gurudumu la nyuma. Hii ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo, kabla pikipiki hazijajaa Kitale, wakati baiskeli bado ndiyo iliyobeba mahindi, vitanda, wagonjwa, na wageni waliokuja na masanduku.

Yangu ilikuwa ile nyeusi nzito ambayo watu huiita mamba. Mume wangu aliinunua, kisha akapata kazi ya kupika katika shule moja Bungoma mjini, akaniacha mimi Matisi na watoto wawili na paa linalovuja upande wa jikoni. Mwezi wa kwanza baiskeli iliegemea ukuta. Mwezi wa pili nilivaa suruali yake ndani ya sketi, nikaisukuma hadi kiwanja cha nyuma, nikaanguka mara saba. Nane, nikihesabu ile ya kushuka. Mwezi wa tatu nilikuwa nabeba lita ishirini za maziwa kila asubuhi kutoka kwa wafugaji wawili kando ya barabara ya Kiminini hadi hoteli moja mjini, iliyoanza kuuza chai saa moja kamili.

Watu walisema. Wanaume waliokaa kwenye kona ya duka la unga waliniambia nitavunjika mgongo. Wanawake waliniambia nitaharibu tumbo la uzazi. Niliwajibu wote kwamba tumbo lilishafanya kazi mara mbili na mgongo ni wangu, na nikaendelea kukanyaga pedeli. Maneno hayatoboi tairi. Lakini kitu fulani kilikuwa kinalitoboa.

Fundi wangu wa pancha alikuwa mzee mtaratibu kutoka Kachibora, aliyekuwa na kibanda cha mabati matatu pale Matisi, karai la maji, pampu, na kiti kimoja ambacho hakumpa mteja. Alifanya kazi vizuri. Alitoa tyubu, akaipuliza, akaizamisha kwenye karai kipande kwa kipande hadi povu likatoka, akaikwaruza kwa bati lililotobolewa kwa msumari, akapaka solusheni, akabandika kiraka alichokata kwenye tyubu ya lori. Kisha alipitisha kidole gumba ndani ya tairi, mzunguko mmoja, akasema ni safi. Siku moja au mbili baadaye ningekuwa tena mbele yake, nikisukuma.

Pancha ya sita nilimuuliza kama ana hakika na hilo tairi.

"Mama, mimi naziba matundu," alisema. "Nani anayatoboa, hiyo uliza adui zako."

Kwa kuwa nilikuwa mteja wa mara kwa mara nilimwomba punguzo. Alinipunguzia maneno tu. Basi nikaanza kuchuchumaa karibu na karai, nitazame mikono yake, kwa sababu kama nalipa basi heri nilipie pia masomo. Nilijua anakwaruza mara ngapi na kwa upande gani. Nilijua kwamba kiraka hakibandikwi solusheni ikiwa mbichi. Huachwa ikauke hadi ikiguswa isivute uzi. Vijana walioharakisha mambo walirudi kwake na viraka vinavyoning'inia, naye aliwapokea kwa furaha.

Ile pancha ya kumi iliniangusha mbali na kibanda chake. Nilisukuma baiskeli na maziwa chini ya jua hadi hoteli, nikafika saa tatu. Mwenye hoteli alichemsha kikombe kimoja mbele yangu na maziwa yakakatika vipande. Hakupiga kelele. Alinirudishia jerikani na kuniambia nipumzike hadi Jumatatu, nikirudi nirudi na gurudumu linaloaminika.

Niliporudi nyumbani nikamkuta mama mkwe ameketi mlangoni. Alikuwa ametoka kwake Tongaren pamoja na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Shemeji alikuwa amesimama, anatazama baiskeli kabla hajanitazama mimi. Nilijua hapo hapo kilichowaleta. Nilivyomjua mama, hangemaliza nauli ya watu wawili kuja kunijulia hali.

Niliwapa chai ya rangi, maana lita zangu zote ishirini zilikuwa zimegeuka mala, maziwa ya mgando. Mama mkwe alizungumza pole pole, kama mtu anayeeleza kifo. Baiskeli ilinunuliwa kwa mahindi ya shamba la Tongaren. Shemeji ana mizigo ya kupeleka sokoni. Na tena, habari zilikuwa zimemfikia za hizi pancha, na kwao zamani mtu hakulazimisha kitu kilichokwisha kusema hapana.

"Hii baiskeri inakukataa," alisema. "Ilikuwa na kijana wangu mwaka mzima, hata siku moja haikulara njiani. Wewe umeipanda, kira siku chini. Si unaona yenyewe?"

Nilisema naona. Niliona pia kwamba yale mahindi niliyapalilia mimi, nikavuna mimi, nikapukuchua mimi nikiwa na mimba ya pili, magunia kumi na manne, na hakuna gunia lililonikataa. Shemeji alicheka ndani ya kikombe. Mama hakucheka.

Nilipiga simu Bungoma kutoka kibanda cha simu. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza watoto wanaendeleaje, kisha akasema hilo tulizungumze mimi na mama yake, yeye ana sufuria motoni. Nikarudi nikijua niko peke yangu sokoni, na sokoni nimezoea.

Kuna kanuni moja ya kupatana: ukiona bei haishuki, badilisha kitu kinachouzwa. Sikubishana tena baiskeli ni ya nani. Niliwaambia kama kweli inanikataa, basi tuipe nafasi ya kukataa mbele yao. Leo ni Alhamisi. Jumamosi nitaiendesha mwenyewe kutoka Matisi hadi Tongaren. Kwa barabara ile ya marram na mawe, ikitaka kunikataa itapata muda wa kutosha.

Mama mkwe alifikiri. Alikuwa mpatanaji kama mimi, na alipenda mzigo ujilete wenyewe badala ya kulipia usafiri wake.

"Ukiingia kwangu ukiwa juu yake, rudi nayo," alisema. "Ukiingia unaisukuma, ibaki."

Nilimwomba aseme tena, shemeji asikie. Akasema tena, neno kwa neno. Shemeji aliinama akabonyeza tairi la nyuma, ambalo lilikuwa bapa kama chapati, akaniambia, "Shem, uvae viatu vya kutembea."

Walipoondoka niliitoa ile tyubu mwenyewe. Sikuwa na vyuma vya kufungulia tairi. Nilitumia mipini ya vijiko viwili, na kimoja mpaka leo kimepinda. Nikaipuliza kidogo kwa mdomo, nikailaza juu ya gunia uani, nikahesabu viraka tisa na tundu jipya la leo. Kumi. Nikahesabu tena, kumi. Na wakati nahesabu mara ya pili ndipo nikaona kile ambacho mara ya kwanza sikuona: sikuwa nahama. Kidole changu kilitoka kiraka hadi kiraka bila mkono kusogea. Tyubu nzima ilikuwa safi, mzunguko wote ule, isipokuwa mahali pamoja pasipozidi shubiri moja, ambapo viraka tisa na lile tundu vilikuwa vimekaliana kama abiria waliogombania kiti kimoja.

Nilikaa chini. Baiskeli inayochukia wanawake ingenitoboa popote. Mkosi hauna sababu ya kurudi kila mara kwenye shubiri ileile. Kitu kinachorudi mahali pamoja kinakaa hapo.

Nikapima kutoka kwenye valvu hadi katikati ya viraka: shubiri tatu na vidole vinne. Nikapima tena. Kisha nikatafuta tundu la valvu kwenye rimu, nikapima umbali uleule juu ya tairi, kwanza kulia, halafu kushoto, kwa sababu sikukumbuka tyubu ilikuwa imekaa upande gani. Kulia nilipapasa na sikupata kitu. Kushoto nilipapasa na sikupata kitu. Kidole changu kilikuwa kimekula sabuni na jembe, lakini hakikuwa kigumu kama kidole cha fundi. Kile cha fundi kingeweza kukalia moto. Nikawaza kwamba labda tumekuwa tukiuliza vidole visivyosikia.

Nikavua kitambaa cha kichwa. Kilikuwa cha nailoni laini, kile cha kwenda kanisani, kinachoshikwa hata na kucha iliyokatika. Nilikunja tairi kwa nje kwa goti, nikapitisha kitambaa pole pole ndani yake. Kulia kikapita. Kushoto kikapita, kikapita, kikashikwa.

Ulikuwa mwiba wa kayaba, ule mti wa ua ambao walowezi walioondoka walituachia kuzunguka nusu ya mashamba ya Kitale. Ulikuwa umevunjika nje, ukabaki umejificha katikati ya uzi wa tairi, na ncha yake ilichungulia tu pale tairi lilipokunjwa au kubonyezwa na uzito. Lita ishirini na mimi. Ukiutafuta gurudumu likiwa jepesi, haupo. Ukipanda, unatoka kusalimia. Niliusukuma kwa sindano ya kushonea magunia hadi ukatokeza, nikaung'oa kwa meno kwa sababu koleo sikuwa nayo. Haukufika nusu ya urefu wa kucha yangu.

Sitasema sikufurahi. Lakini zaidi nilikasirika. Wiki tatu watu wazima walikuwa wamejadili tumbo langu, mgongo wangu, na mizimu ya baiskeli, na hakuna aliyefikiri kulitazama tairi mahali palipotoboka. Hata mimi. Mimi ninayehesabu chenji ya mchungaji.

Nilifunga mwiba kwenye pembe ya kitambaa, nikatupa tyubu begani, nikaenda kwa fundi. Alipouona aliugeuza kwenye kiganja, akapitisha kidole chake gumba juu ya ncha, akapitisha tena. Hakuhisi kitu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeambiwa umri wake. Sikumcheka. Nilimwomba tu aniazime pampu ya mkono, bati la kukwaruzia, na solusheni iliyobaki kwenye tyubu ya kukamuliwa, hadi Jumapili. Alitaka rehani. Nikamwachia sufuria yangu kubwa, na kwa sababu sufuria ilikuwa na thamani kuliko pampu, nikadai aongeze na kipande cha tyubu ya lori. Akakata kikubwa kuliko nilivyoomba, kisha akaziba tundu la kumi, nikalipa.

Jumamosi niliwaacha watoto kwa jirani, nikatoka asubuhi kukiwa bado na umande. Suruali ya mume ndani, sketi juu, kitambaa kichwani na mwiba wake pembeni. Sitaeleza kilima kwa kilima. Hadi Kiminini nilikuwa nageuka kutazama gurudumu la nyuma kila baada ya mia mbili za pedeli. Baada ya Kiminini, kila mia nne. Lilikuwa gumu kama jiwe. Nilipopita Ndalu nilianza kuimba, na huo ndio ulikuwa upumbavu, maana mbele kidogo mtu alikuwa amekata ua wake wa kayaba na kuacha matawi barabarani yakauke.

Lilikuwa gurudumu la mbele. Wiki tatu halikusema neno. Likachagua siku hiyo.

Nilishuka. Pembeni palikuwa na kinu cha kusaga, na mbele ya kinu wanaume wanne wakisubiri zamu yao ya unga. Hakuna aliyesogea mpaka nilipopindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani. Hapo wote wanne wakaja. Mmoja aliniuliza ninaenda wapi, na nilipotaja Tongaren alipiga mluzi.

"Si ungoje, madam," alisema. "Kuna kijana hapo mbele anaziba. Hii kitu ina ujuzi wake, bana."

"Ujuzi niliulipia mara kumi," nilimwambia. "Shika hapa, uache kunisimamia kwenye mwanga."

Alishika. Watu hushika ukiwaambia mahali pa kushika. Nilitoa vijiko vyangu, nikafungua tairi kwa mipini. Maji ya karai sikuwa nayo na sikutaka kuomba, kwa hiyo nilipuliza tyubu na kuipitisha polepole karibu na mdomo, kwa sababu mdomo husikia upepo ambao sikio halisikii. Palipovuma nikaweka alama kwa mkaa wa kwenye kinu. Kisha kabla ya kitu kingine chochote nikapima kutoka kwenye valvu, nikaenda kwenye tairi, kitambaa kikapita kulia, kikapita kushoto, kikashikwa. Mwiba wa pili ulitoka mzima, nikaufunga pembeni na mwenzake. Mmoja wao aliniuliza kitambaa ni cha nini na nikamwambia ni cha kanisani.

Nikakwaruza. Nikapaka solusheni iliyobaki, yote, nikakunja ile tyubu ya kukamuliwa hadi mkia. Halikubaki tone la kurudia kosa.

"Bandika sasa," akasema yule aliyeshika.

Nikasema bado.

"Itakauka yote hiyo. Bandika, bana."

Nilianza kuhesabu hadi mia. Nilihesabu kwa sauti ili wasipate nafasi ya kunishauri. Nilipofika mia, mmoja wao alinyoosha mkono achukue kiraka, na mimi nikaanza tena moja. Sijui kama nitaweza kueleza raha ya kuhesabu mara ya pili ukiwa umezungukwa na wanaume wanne wanaojua. Fundi hakuwahi kuniambia idadi; nilihesabu mwenyewe pale kwenye karai lake, pancha ya saba, ya nane, ya tisa, na kila mara ilikuwa karibu mia mbili. Nikagusa ukingo kwa kidole. Haukuvuta uzi. Nikabandika, nikagonga kwa kisigino cha kiatu.

Kilishika. Nilipuliza gurudumu, nikapanda, na mtu wa mluzi akanikimbilia hatua chache akiwa amebeba kijiko changu kimoja nilichokisahau.

Karibu na kwa mama mkwe kuna njia nyembamba kati ya mahindi, na mwisho wake lango la mbao. Mita kama mia kabla ya lango nilisikia gurudumu la mbele linalegea kidogo. Sikungoja. Nilishuka palepale mahindi yaliponificha, nikapampu mara thelathini, nikapampu thelathini tena, nikapanda, nikakanyaga. Lango lilikuwa wazi. Niliingia juu ya baiskeli na sikushuka. Mapatano yalisema kuingia, lakini nimeishi vya kutosha kujua mtu anaweza kudai hakuona, kwa hiyo nilizunguka uani nikipiga hodi kutoka kwenye kiti, kuku wakikimbia, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, mpaka mama mkwe alipotoka na mwiko mkononi na shemeji akatoka nyuma ya ghala.

Ndipo nikaona kilichokuwa nyuma ya ghala. Baiskeli ya shemeji mwenyewe, sikujua kama anayo, imeegemezwa kwenye nguzo, magurudumu yote mawili bapa, na buibui amejenga kati ya spoki.

Shemeji alinijia haraka kabla sijauliza. Akabonyeza tairi la nyuma, akabonyeza la mbele, kisha akanishika mkono akautazama. Solusheni ilikuwa bado imeganda kwenye vidole vyangu.

"Ulipata pancha," alisema.

"Nilipata."

"Mama, si unaona? Imemkataa njiani. Ameziba tu."

Ningeweza kusema uongo. Barabarani hapakuwa na shahidi aliyenijua. Lakini nilikuwa nimechoka kuona aibu kwa ajili ya mwiba. Nikafungua pembe ya kitambaa, nikaweka miiba yote miwili kwenye kiganja cha mama mkwe, nikamwonyesha upi ulikaa wiki tatu na upi ulinipata baada ya Ndalu. Nikamwambia baiskeli haijakataa mtu. Pancha nitapata tena, kesho labda, na keshokutwa, maana kayaba ziko na zitakuwapo, nitaziba, nitapanda. Na nikamkumbusha maneno yake, yale aliyoyasema mara mbili, na kwamba pancha hazikuwamo ndani yake.

Mama mkwe alitazama miiba kwa muda. Yeye vidole vyake vilikuwa vigumu pia, na niliona akiusogeza ule mdogo kwa ukucha kwa sababu hakuweza kuuhisi. Kisha alitazama nyuma ya ghala, akarudisha macho kwa mwanawe.

Aliinama kwenye gurudumu la mbele. Alilamba ncha ya kidole chake, akaweka mate juu ya mdomo wa valvu kama wafanyavyo watu wote wa baiskeli kuona kama inavuja. Tulingoja sote watatu. Mate yakakaa, hayakutoa povu. Sikudhani ni baraka, ingawa wazee hubariki kwa mate. Alikuwa anakagua mali, na ningekuwa yeye ningekagua pia. Akalamba kidole akaweka tena.

"Ameingia juu yake," alimwambia shemeji. "Nirisema."

Nilikula ugali kwake, nikapewa kuku wa miguu ya njano wa kufunga kwenye keria. Kabla ya kuondoka nilimwambia shemeji anitolee magurudumu yake, nina muda na kiraka kimebaki, solusheni anunue yeye. Alisema hatazibiwa pancha na mke wa ndugu yake. Nikasema sawa. Ile baiskeli niliiona tena pale miaka miwili baadaye, nilipokwenda kwa mamba yangu, na niliposimama kuhesabu spoki zilizoliwa na kutu nilihesabu mara moja tu.

Jumatatu, saa moja kasoro kidogo, nilishusha lita ishirini mbele ya mwenye hoteli. Alichemsha kikombe kimoja. Yalipanda vizuri, meupe, bila kukatika.

Jumanne nikapata pancha.